Namba 49 bado iko njiani

Chukua 10. Ivunje mpaka zibaki namba tasa tupu: 2 mara 5. Futa alama ya kuzidisha, sogeza tarakimu zikae pamoja, usome 25. Rudia. 25 ni 5 mara 5, inakuwa 55. 55 ni 5 mara 11, inakuwa 511. 511 ni 7 mara 73, inakuwa 773. Hapo tunasimama, maana 773 yenyewe ni tasa, haivunjiki tena. Tunasema 10 imefika nyumbani, na nyumba yake ni 773.

Masharti ni mawili tu. Vigawo tasa huandikwa kuanzia kidogo kwenda kikubwa, na kigawo kinachojirudia huandikwa kila kinapojirudia. 12 ni 2 × 2 × 3, kwa hiyo inakuwa 223, na 223 ni tasa. Safari ya hatua moja. 9 inakuwa 33, kisha 311, imefika. Jeffrey Heleen aliandika juu ya mifuatano hii mwaka 1990, na tangu hapo haijawaacha wapenzi wa nadharia ya namba walale vizuri. Mimi ni mmoja wao.

Kinachonivuta ni kwamba mtu hahitaji zaidi ya hisabati ya shule ya msingi ili aingie. Yeyote aliyesoma Tanzania amechora ule mstari wa wima daftarini, namba tasa upande mmoja na namba inayogawanywa upande wa pili, akishuka mpaka chini ifike 1, ili apate KDS (kigawe kidogo cha shirika) au KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Mpwa wangu alikuwa kwenye mazoezi hayo hayo nilipompa 14 aicheze. 14 ikawa 27, 27 ikawa 333, 333 ikawa 3337. Hapo alihangaika, kwa sababu 3337 inakataa 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea mpaka ufike 47, ndipo inapokubali: 47 × 71. Ikawa 4771, ambayo ni 13 × 367, ikawa 13367, ikaishia hapo. Alipomaliza akaniuliza, "Mjomba, kwani zote zinafika?"

Nikamwambia ukweli: hakuna binadamu anayejua. Niliona jinsi jibu hilo lilivyomshangaza. Mtoto wa shule ya msingi amezoea kwamba kila swali la hisabati lina jibu nyuma ya kitabu, na hapa ameuliza jambo moja, kwa maneno manne, ambalo maprofesa wa dunia nzima hawana pa kulishika. Sijui somo jingine linalompa mtoto nafasi hiyo mapema kiasi hicho.

Ukitaka kuona kwa nini hakuna anayejua, ziangalie namba ndogo kwanza. 8 inaonekana ya kawaida kabisa: 2 × 2 × 2, inakuwa 222. Kisha 2337. Kisha 31941, kisha 33371313, na kuendelea kupanda, mpaka baada ya hatua 13 inatua kwenye 3331113965338635107, tasa yenye tarakimu 19. Yote hayo kutoka kwenye 8. Wakati huohuo 6 ilifika kwa hatua moja, kwenye 23. Hakuna dalili yoyote usoni pa namba inayokuambia ipi itafika upesi na ipi itazurura.

Halafu kuna 49.

49 ni 7 × 7, inakuwa 77. 77 inakuwa 711. 711 ni 3 × 3 × 79, inakuwa 3379, ambayo ni 31 × 109, inakuwa 31109, ambayo ni 13 × 2393, inakuwa 132393. Mpaka hapo kalamu inatosha. Baada ya hapo kompyuta zimechukua kazi, zimevuka hatua 100, namba zimepita tarakimu 200, na tasa haijaonekana. Kati ya namba zote zilizo chini ya 100, ni 49 na 77 pekee ambazo nyumba yao haijulikani, na kwa kuwa 77 ni hatua ya kwanza ya 49, hiyo ni safari moja yenye majina mawili.

Je, inawezekana 49 inazunguka mahali pamoja bila kujua? Hapana, na hilo linathibitishwa kwa mistari miwili. Ukiunganisha 7 na 73 kuwa 773, umefanya 7 × 100 + 73. Zao lake ni 7 × 73. Kwa kuwa 100 ni kubwa kuliko 73, namba mpya lazima iwe kubwa kuliko ya zamani. Hoja hiyo inashika kwa vigawo vyovyote, viwe viwili au ishirini. Kila hatua ni ya kupanda. Kwa hiyo 49 ina njia mbili tu: ama siku moja itagonga tasa, ama itapanda milele.

Wengi wanaamini itafika, na sababu yao ni ya makadirio. Mwaka 1896 Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin, kila mmoja kivyake, walithibitisha jinsi namba tasa zinavyopungua kadiri unavyopanda. Kwa kanuni yao, karibu na namba za tarakimu 200, takriban moja katika kila 460 ni tasa. Zetu zina nafuu: zinaishia na kigawo tasa kikubwa, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni 1, 3, 7 au 9, na 2 na 5 hazina nafasi ya kuzigawa. Uwezekano unasogea mpaka kama moja katika 180. Ukijumlisha uwezekano wa kila hatua, hatua baada ya hatua bila kuacha, jumla inazidi kila kikomo, ingawa inapanda kwa uvivu wa kutisha. Hiyo inatosha kumfanya mtu aamini. Kuthibitisha ni jambo jingine, kwa sababu tarakimu hizi hazikupatikana kwa bahati nasibu. Kila moja imeamuliwa tangu 49 ilipoandikwa.

Na kwa nini tusiendelee tu kukokotoa? Niliwahi kuandika programu fupi ya Python ya kufuata safari hizi. Hatua za mwanzo hupita kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Kisha ghafla programu inanyamaza, kwa sababu imekutana na namba ambayo vigawo vyake vyote ni vikubwa. Kuzidisha namba mbili za tarakimu 100 ni kazi ya sekunde isiyoonekana. Kuirudisha namba ya tarakimu 200 kwenye vigawo vyake inaweza kuwa kazi ya miezi. Februari 2020 kundi la watafiti lilifanikiwa kuvunja namba iitwayo RSA-250, yenye tarakimu 250 na vigawo viwili tu, na kazi hiyo ilikula takriban miaka 2,700 ya kiini kimoja cha prosesa, iliyogawanywa kwenye maelfu ya viini. Ugumu huohuo ndio unaolinda sehemu ya mawasiliano ya siri kwenye intaneti. Safari ya 49 imekwama kwenye ugumu uleule unaotulinda sisi.

Kwa muda mrefu nilidhani hii ndiyo hadithi nzima ya mifuatano ya aina hii: unatembea, unatembea, mpaka kompyuta inachoka. Kilichonibadilisha ni mfuatano mwingine, ndugu wa karibu wa huu.

John Horton Conway, Mwingereza aliyezaliwa Liverpool mwaka 1937 na kufundisha miaka mingi Princeton mpaka Covid ilipomchukua Aprili 2020, aliupenda mchezo wenye tofauti ndogo. Kigawo kikijirudia, usikiandike mara nyingi. Andika kipeo chake kando yake. 60 ni 2² × 3 × 5, kwa hiyo teremsha kipeo mstarini usome 2235. Hiyo ni 3 × 5 × 149, inakuwa 35149, ambayo ni tasa. Kipeo kikiwa 1 hakiandikwi. Conway alidai kwamba kila namba hatimaye itapanda mpaka kwenye tasa, na mwaka 2014 akaweka dola 1,000 kwa yeyote atakayethibitisha au kukanusha.

Tofauti hiyo ndogo inabadilisha mambo yote. Vipeo vinaruhusu namba kushuka. 1024 ni 2 kwa kipeo cha 10, kwa hiyo inaporomoka mpaka 210, na 210 ni 2 × 3 × 5 × 7, inakuwa 2357, tasa. (Huo kwangu ndio mfano mzuri kuliko yote, na sichoki kuuonyesha.) Ile hoja yetu ya kupanda daima haipo tena. Kama namba inaweza kushuka, basi inaweza pia kurudi ilikotoka. Lakini nani ataipata namba kama hiyo? Watu walianza na 20, inayopita 225, 3252, 223271, 297699, 399233, ikipanda bila kutua, na wakaingia kwenye ukuta uleule wa kuvunja namba kubwa.

Juni 2017 mtu aitwaye James Davis alileta namba hii: 13532385396179. Ivunje. Inatoka 13 × 53² × 3853 × 96179. Sasa iandike kwa kanuni ya Conway: 13, kisha 53, kisha kipeo 2, kisha 3853, kisha 96179. Soma kwa pamoja: 13532385396179. Imejiandika yenyewe. Si tasa, na haitoki ilipo kamwe. Dai la Conway limeanguka, na dola zimepata mwenyewe.

Namba hiyo ina tarakimu 14. Kuzipita namba zote moja moja mpaka ufike hapo ni mzigo mkubwa hata kwa mashine nzuri, na Davis hakwenda hivyo. Alianzia mwishoni. Alijiuliza: namba inayojiandika yenyewe ingekuwa na umbo gani? Tuseme kigawo chake kikubwa kuliko vyote ni p, chenye tarakimu tano, na vilivyobaki vikizidishwa vinatoa x. Namba yenyewe ni x × p. Lakini pia, kwa kuwa imejiandika, ni maandishi ya x, tuyaite m, yakifuatiwa na p: yaani m × 100,000 + p. Viwili hivyo ni kitu kimoja. Ondoa p pande zote, unabaki na

(x − 1) × p = m × 100,000.

Ukifika hapa, huhitaji tena kutembea. Tafuta x ambayo ukiipunguza 1 inaishia na sifuri tano. Davis alikuwa na x = 13 × 53² × 3853, ambayo ni 140,700,001. Toa 1, unapata 1407 × 100,000. Sifuri zinafutana pande zote mbili, na inabaki 1407 × p = m. Maandishi ya x ni 135323853. Yagawe kwa 1407, yanagawanyika bila baki, jibu ni 96179. Na 96179 ni tasa, ina tarakimu tano, na ni kubwa kuliko 3853. Kila sharti limetimia.

Niliifanya hesabu hiyo kwa kalamu, mstari kwa mstari, na nilipofika kwenye mgawanyo usio na baki nilisimama nikatembea chumbani. Hakuna hatua hata moja ambayo mwanafunzi wa sekondari hawezi kuifuata. Kilichokosekana miaka yote hiyo kilikuwa swali la kuanzia mwisho.

Mtego huo, kwa njia, una mlango mpana. Chukua 13 kwa kipeo 532385396179. Hiyo ni namba yenye tarakimu takriban bilioni 593. Hakuna karatasi ya kuiandikia. Kwa kanuni ya Conway, inaandikwa 13 kisha kipeo chake, na kwa hatua moja tu imeanguka kwenye namba ya Davis, isitoke tena. Ama 20, mpaka leo haijulikani kama itafika kwenye tasa au itanaswa.

Mfano wa tatu ninaoupenda ni mkongwe kwa asili. Karibu miaka 2,300 iliyopita Euklidi alionyesha kwamba namba tasa haziishi: zidisha zote ulizonazo, ongeza 1, na vigawo vya namba mpya lazima viwe vigeni, kwa sababu ukiigawa kwa zozote za zamani inabaki 1. Mwaka 1963 Albert Mullin aliigeuza hoja hiyo kuwa mfuatano. Anza na 2. Ongeza 1, unapata 3. 2 × 3 + 1 ni 7. 2 × 3 × 7 + 1 ni 43. Sasa 2 × 3 × 7 × 43 + 1 ni 1807, ambayo ni 13 × 139. Chukua kigawo kidogo, 13. Inayofuata ni 53, kisha 5, kisha inaruka mpaka 6221671. Hakuna mpangilio, 5 imekuja baada ya 53, na 11 inasubiri mpaka nafasi ya 12. Mullin aliuliza: je, kila namba tasa itatokea siku moja?

Zimejulikana namba 51 za mfuatano huo. Ndani yake 31 imetokea, ikichelewa sana, katika nafasi ya 50. 41 haijatokea. Ili kuipata ya 52 inabidi kupata kigawo kidogo kuliko vyote cha namba yenye tarakimu 335, na namba hiyo imekataa.

Mullin aliuliza pia juu ya mfuatano wa pili: badala ya kigawo kidogo, chukua kikubwa. 2, 3, 7, 43, kisha kutoka 1807 unachukua 139. Inayofuata ni 251035, ambayo ni 5 × 50207. Unachukua 50207. Hapo 5 imejitokeza mlangoni ikapitwa. Je, itarudi?

Haitarudi kamwe, na hii ndiyo hoja ninayotamani ifundishwe katika kila shule. Tuseme siku moja 5 ndiyo kigawo kikubwa kuliko vyote cha namba yetu. Vigawo vidogo kuliko 5 ni 2 na 3 tu, na vyote viwili vilishatumika tangu mwanzo, kwa hiyo vinabakiza 1. Basi namba nzima imejengwa kwa 5 tupu: ni 5, au 25, au 125, au kipeo kingine cha 5. Toa 1: 4, 24, 124, 624. Zote zinagawanyika kwa 4, na itakuwa hivyo daima. Lakini ukitoa 1 unapaswa kurudi kwenye zao la namba tasa tulizokusanya, na humo 2 ilitumika mara moja tu. Zao hilo linagawanyika kwa 2 na linakataa 4. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili, kwa hiyo 5 haimo, hata mfuatano uende milele.

Mwaka 1968 C. D. Cox na A. J. van der Poorten walionyesha kwamba 5, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 47 zote hazimo kwenye mfuatano huo wa pili. Mwaka 2012 Andrew Booker wa Bristol akathibitisha kwamba namba tasa zisizokuwemo hazina idadi. Hakuna kompyuta ambayo ingetembea mpaka huko.

Kwa hiyo nikiulizwa ni wapi nguvu zielekezwe, sisiti. Waendao mbele na 49 nawaheshimu. Kila kigawo wanachokipata ni kazi halali, na kinahifadhiwa katika ile ensaiklopidia ya mifuatano aliyoianzisha Neil Sloane mwaka 1964 akiwa mwanafunzi Cornell, ambamo nyumba za namba ziko chini ya A037274. Lakini tarakimu zaidi za 49 hazitatuambia kwa nini iko ilivyo. Anayetaka kulimaliza swali hili atahitaji kitu kama mlinganyo wa Davis, au kama ile 4 iliyokataa kugawa.

Kwa mfuatano wa kwanza wa Mullin, ule wa vigawo vidogo, hoja ya namna hiyo inateleza. Ukisema kigawo kikubwa ni 5, umeifunga namba nzima. Hakuna kingine kinachoweza kuwamo. Ukisema kigawo kidogo ni 41, hujaifunga chochote. Juu ya 41 kunaweza kukaa kitu chochote, chenye ukubwa wowote, na huna pa kushika. Ndiyo sababu 41 haijakubaliwa wala kukataliwa, na ndilo swali ninaloendelea kulikalia.